Jina la Mzee Tak kwa Wino Mwekundu

Mkurugenzi Gu Hyeong-mo hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba kila jambo la dunia hii aliliona kupitia kabichi. Mama yake aliuza kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, kwenye kibanda katika soko la Geumsan, huko Korea, na yeye, pamoja na kiwanda chake na suti zake mbili, kichwani hakuwahi kutoka kwenye kibanda kile. Ndiyo maana siku Daktari Ra Myeong-hui, mtafiti wa maabara yake, alipomweleza kwamba mizizi ya jinseng, ule mmea wa dawa, inayolelewa ndani ya chupa ikitiwa chumvi hushtuka, na ikishtuka hutengeneza kwa wingi zile kemikali chungu ziitwazo saponini ambazo ndizo wateja wanazitaka, Gu alijipiga paja.

“Kabichi bila chumvi ni nyasi,” alisema. “Nilijua tu. Tia.”

“Uchungu unaongezeka, lakini mzizi wenyewe haukui,” Myeong-hui akamwambia. “Na ukichelewa kuutoa unageuka kahawia, unakufa.”

“Kwani kabichi ikitiwa chumvi hainywei?”

“Kabichi huwa imeshakufa, Mkurugenzi.”

“Na ikishakufa inakuwa tamu, au siyo?”

Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Mteja mkubwa wa vidonge alikuwa amesema wazi kwamba saponini zikibaki chini vile, atahamia kwingine. Kiwanda kilikuwa na watu wenye watoto. Myeong-hui alikubali.

Wapo watu, tena waliosoma, wanaopenda kusema kwamba mateso ndiyo yanayokoleza dawa. Hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mzizi uliotiwa chumvi haupati busara yoyote, unaogopa tu. Hauwezi kukimbia, na maji yaliyouzunguka, badala ya kuunywesha, yanaunyonya. Basi unatengeneza kile unachojua kutengeneza, yaani uchungu, mpaka nguvu ziuishie. Mashine ya kupimia haijui habari ya hofu. Inaandika kwamba saponini zimepanda, na watu wanapongezana.

Pale kiwandani kila ukoo wa mizizi uliitwa kwa jina la mchimbaji aliyeuleta kutoka mlimani. Ukoo uliotakiwa kutiwa chumvi uliitwa Tak Bong-chun, na Tak Bong-chun mwenyewe alikuwa bado hai, mzee wa miaka themanini na kitu, mwenye masikio makubwa na ulimi mkali kama pilipili.

Alikuwa mchimbaji wa jinseng ya mwituni katika milima ya Deogyu. Miaka kumi na moja iliyopita mke wake alikuwa anaisha kitandani, na mzee akapanda mlima peke yake, akapata mzizi mmoja mkongwe kuliko yote aliyowahi kuona. Sasa wachimbaji wana desturi yao. Ukimng’oa mama, unachukua yale matunda yake mekundu, unayafukia kwa kidole gumba katika shimo lile lile, ili mlima ubaki na mtoto. Mwaka ule ndege walikuwa wamemtangulia. Hapakuwa na tunda hata moja. Mchimbaji wa heshima angeufunika mzizi kwa majani, aondoke, arudi mwaka mwingine. Lakini mke wake hakuwa na mwaka mwingine, kwa hiyo akaung’oa.

Akamchemshia mkewe mzizi wote isipokuwa mguu mmoja mwembamba, kitawi cha chini. Huo aliuleta kiwandani, umefungwa ndani ya kuvumwani mbichi, zile nyasi laini za kijani zinazoota juu ya mawe yenye maji, akamkabidhi Myeong-hui, ambaye siku hizo alikuwa mgeni kazini.

“Nimemchukua mama, mlima sikuuachia mtoto,” alisema. “Wewe umesoma. Mimi nakupa mguu. Siku moja na wewe nipe kichwa, nikakirudishe.”

Kichwa cha jinseng ni ile shingo iliyo juu ya mzizi, ambapo shina huchipuka kila mwaka. Pasipo kichwa hakuna jani, na pasipo jani hakuna mche, una kipande cha mzizi tu. Myeong-hui alimjibu, “Sawa, Babu,” kama mtu anavyomjibu mzee ili aende zake nyumbani. Ila neno lile lilimwingia, likakaa. Mke wa mzee alipata nafuu, akawahi harusi ya mjukuu wao, ndipo akafariki. Tangu hapo mzee hakukanyaga tena mlimani.

“Utakwendaje kwa mtu uliyemwibia, mikono mitupu?” alisema.

Na mizizi ikazaana ndani ya chupa, myeupe, mingi, tangi baada ya tangi, lakini ilikuwa miguu mitupu. Kila vuli mzee alikuja kuionja, na kila vuli aliitema.

“Hii figili,” alisema.

“Babu, huu ni ukoo wako mwenyewe.”

“Basi ukoo wangu umeolewa na figili.”

Myeong-hui alijaribu sukari, akajaribu homoni, akajaribu joto na baridi, miaka inakatika. Kisha vuli hii, katika chupa tatu tu kati ya zote alizowahi kuziandaa, mizizi ilitoa chembe ndogo za rangi ya maziwa, na chembe mojawapo ilikuwa na kashingo kalikopinda. Kichwa. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akalia kwa furaha bila kujificha, kisha akampigia mzee simu.

Mzee alimtaka alirudie neno hilo mara mbili.

“Nianze kuacha nyama?” akauliza, kwa sababu wachimbaji hawali nyama kabla ya kupanda mlima.

“Bado, Babu. Subiri majira ya kuchipua.”

“Haya. Nakula nyama kwa fujo mpaka hapo.”

Wiki tatu baadaye mapafu yalimshika, akapelekwa hospitali ya mjini Daejeon. Na wiki hiyo hiyo ndiyo Gu alitoa amri ya chumvi.

“Chupa tatu haziguswi,” Myeong-hui alimwambia.

“Tatu zako, zingine zangu,” Gu akajibu, na tumtendee haki, hakurudi nyuma. Alibakiza pia tangi moja la miguu bila chumvi, la kuendeleza ukoo.

Chupa zote zilifungwa kwa karatasi ya fedha, maana mizizi hulelewa gizani, na kwa nje zilifanana kama mayai. Lebo ziliandikwa kwa wino mweusi, na sheria ya maabara ilikuwa kwamba lebo ya wino mwekundu maana yake usiguse. Myeong-hui akachukua kalamu nene nyekundu, akaandika lebo tatu, Tak Bong-chun, Tak Bong-chun, Tak Bong-chun, akazibandika. Kisha akamwomba Bang Ok-rye, mama wa makamo aliyeosha vyombo na kutunza rafu, azihamishie chupa zile chumba kidogo asubuhi yake.

Asubuhi hiyo, Myeong-hui akiwa na sirinji ya chumvi mkononi, simu ikaita. Alikuwa mjukuu wa mzee Tak.

“Daktari, babu wamempeleka chumba cha mahututi. Anakuulizia wewe. Anasema mwiteni yule wa mizizi.”

“Nakuja. Nipe nusu saa.”

Alirudi kwenye rafu haraka. Kila chupa ilikuwa na kimrija pembeni, unasukuma maji ya chumvi bila kuifungua. Alitazama lebo moja baada ya nyingine, zote nyeusi, na kila palipo na weusi alisukuma. Hakuona nyekundu hata moja. Akasema moyoni, Mungu ambariki Mama Bang, amekwisha kuzihamisha. Akavua glavu akakimbilia gari.

Hospitalini mzee alikuwa na mipira puani, amekuwa mdogo kama aliyefuliwa akasinyaa. Alifungua jicho moja.

“Kichwa?”

“Vipo, Babu. Vinakua. Nimevifungia mahali pa utulivu.”

“Kina shingo?”

“Kimoja kina shingo.”

“Basi sifi,” alisema, akafumba jicho. Muuguzi alicheka kidogo, Myeong-hui naye akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Vichwa vichanga havipendi kusumbuliwa. Kwa ajili hiyo alijizuia, hakukifungua chumba kidogo, akawa anapita mlangoni kila siku kama mtu aliyelaza mtoto mchanga. Mama Bang alikuwa akichota sampuli kwenye chupa za rafuni, kibano kwa kibano, na kuzipeleka kwenye mashine. Mwisho wa wiki ya pili Gu aliingia na karatasi ya majibu, uso umemjaa meno.

“Zimepanda zote, Daktari. Zote. Mteja amepiga magoti. Lakini njoo uone hizi tatu hapa. Mizizi kiduchu, ila uchungu wake unazipita zote. Hizi umezifanya nini? Nataka zote ziwe hivi.”

“Zipi?”

Kila chupa ilikuwa na namba iliyokwaruzwa kwenye kioo chake, na Gu akazisoma kwa sauti. Sita. Kumi na tisa. Ishirini na mbili.

Myeong-hui alizijua namba zile kama anavyojua siku za kuzaliwa za nduguze. Alimwomba azisome tena. Gu akazisoma tena, kwa raha zake.

Hakukimbia. Alitembea mpaka chumba kidogo, akafungua. Rafu ilikuwa tupu, safi, imefutwa vumbi. Akaenda kwa Mama Bang, aliyekuwa akisugua chupa kwenye beseni, mikono myekundu kwa maji ya moto.

“Mama, zile chupa tatu zenye lebo nyekundu.”

“Eeh. Nilitaka hata kukuuliza, Daktari, ila niliona haya.” Mama Bang alikausha mikono kwenye aproni. “Wewe ni msichana mwenye adabu. Ilikuwaje?”

“Ilikuwaje nini?”

“Jina la Kaka Bong-chun kwa wino mwekundu. Mara tatu. Mtu yuko hospitali, roho iko mkononi, wewe unamwandika kama marehemu. Moyo wangu ulipasuka. Nikazibandua, nikaandika mpya kwa wino mweusi. Vizuri tu, herufi kubwa. Zile nyekundu nikazichoma.”

“Na chupa?”

“Nikazirudisha rafuni na nduguze. Niliona unazitenga kama za marehemu. Kwani zilikuwa na ubaya gani? Ubaya ulikuwa kwenye wino.” Akamtazama. “Ungeweza kuandika jina la baba yako vile?”

Nani asiyejua? Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu, hilo mtoto anajifunza kabla hajajua kushika kalamu sawasawa. Myeong-hui mwenyewe, darasa la pili, alilia siku nzima kwa sababu mvulana mmoja aliandika jina la mama yake ubaoni kwa chaki nyekundu. Ila miaka kumi na moja ni mingi. Tak Bong-chun lilikuwa limegeuka jina la chupa. Aliliandika kwa haraka akiwaza mzizi, wala mzee hakumjia kabisa. Mama Bang, kwa upande wake, hakuona mzizi wowote, alimwona jirani wa kijijini kwao, aliyemwita Kaka tangu utotoni.

“Kuna ubaya, Daktari?” Mama Bang aliuliza, sauti imeshuka.

“Hapana, Mama. Ulifanya vizuri.”

Alizifungua chupa tatu peke yake, mlango umefungwa. Maji yalikuwa rangi ya chai ya shayiri. Mizizi ilikuwa imenyauka, na zile chembe, zilizokuwa kama maziwa, zilikuwa kahawia kama ufuta uliokaangwa. Aliitafuta yenye shingo, akaipata. Ilikatika kwenye kibano.

Alifanya yote yanayofanywa. Aliziosha kwa maji safi mara nyingi, akazipa chakula kipya, akazilaza sahani mbalimbali. Chembe moja ilibaki na weupe upande mmoja kwa siku kadhaa, akawa anaitazama asubuhi na jioni, anaongea nayo kijinga, anaisihi. Kisha nayo ikageuka. Aliwaza kuanza upya, maana miguu ilikuwepo tangi zima. Lakini mizizi iliyokaa chupani miaka mingi husahau namna ya kutoa kichwa, kila mwaka kidogo zaidi, na hii ilikumbuka mara moja tu. Hata ikikumbuka tena baada ya miaka mingine kumi, mzee Tak angekuwa wapi?

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alitafuta wa kumkasirikia akamkosa. Gu alitimiza ahadi yake. Mama Bang alimwokoa mtu, kwa jinsi alivyojua. Chumvi alisukuma yeye, kwa mkono wake, huku akimwombea baraka mwenzake. Angeweza kumweleza Mama Bang wino wake mweusi ulifanya nini, na angepata nini? Mama wa watu angelia mpaka azeeke.

Wiki hiyo kiwanda kizima kilikuwa na harufu ya vitunguu saumu, kwa kuwa Gu alileta kabichi za kimchi ya kila mwaka na kila mtu akashikishwa kusaidia kuzitia chumvi uani. Wao wakiwa katikati ya kazi hiyo, geti likafunguliwa, mzee Tak Bong-chun akaingia kwa miguu yake.

Alikuwa amekonda, koti linamning’inia, lakini amevaa nguo za kupandia mlima, na miguu ameifunga vitambaa kama zamani. Kwapani alikuwa na kikasha cha gome la msonobari. Mama Bang aliangusha kabichi, akamwendea, akampiga mgongoni kwa mkono wenye pilipili.

“Ulitutisha, Kaka. Mtu gani anaugua bila adabu hivi?”

“Polepole, utanirudisha kule.”

“Kurudi huwezi. Unajua huyu Daktari wetu aliandika jina lako kwa wino mwekundu? Mara tatu. Nikalibandua mimi, nikaandika jeusi.”

“Lini?”

“Asubuhi ile ile walipokuingiza mahututi.”

Mzee alimtazama kwa makini. Kisha akaweka kikasha chini, akaunganisha mikono mbele, akamwinamia, mzee wa umri ule, akamwinamia mwosha vyombo mpaka kiunoni.

“Basi ni wewe uliyenitoa,” alisema.

“Acha hizo, watu wanaangalia,” Mama Bang akasema, na machozi yakamtoka.

Myeong-hui alisimama na kabichi mkononi. Alitaka ardhi impokee.

Gu hakupoteza nafasi. Alikuja na sahani ya mizizi iliyotoka kuvunwa, ile ya chumvi.

“Mzee, onja hii. Safari hii hutatema.”

Mzee alichukua uzi mmoja, akatafuna taratibu kwa meno aliyobaki nayo. Kila mtu alingoja atoe tusi lake la figili. Taya zikasimama. Akafumba macho, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto aliyepewa dawa, kisha ukalegea.

“Ndiye,” alisema taratibu. “Ndiye yule. Nilionja mchuzi wake nikimnywesha marehemu. Mmemfanya nini?”

“Chumvi tu, mzee,” Gu akasema. “Kama kabichi.”

Mzee hakumsikia. Alikuwa amekifungua kikasha. Ndani kulikuwa na kuvumwani mbichi, amekwenda kuichuma mwenyewe kwenye kijito cha chini, mtu aliyetoka hospitali juzi. Katikati ameacha shimo la upana wa kidole. Alimgeukia Myeong-hui, macho yamelowa, anacheka.

“Nyama nimeacha tangu kitandani. Niliona nisicheleweshe mambo. Haya, mjukuu wangu. Kichwa?”

Mama Bang naye akamgeukia, mikono imejaa pilipili, uso umejaa fahari. Alikuwa anangoja kusikia habari njema ya Kaka yake. Myeong-hui aliwatazama wote wawili. Maneno ya kweli yalikuwa mafupi, alikuwa ameyapanga usiku mwingi, lakini hayakuwa na njia ya kumfikia mmoja bila kumpitia mwingine.

“Bado, Babu,” alisema.

“Bado?”

“Bado.”

Mzee alifikiri kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa.

“Si neno. Mapafu yangu wamesema ni mazima. Nitasubiri.” Akamkabidhi kikasha kwa mikono miwili. “Hii kaa nayo wewe. Usiache ikauke. Siku kikiwa tayari kiwe na pa kulala.”

Mama Bang alikimbia ndani akarudi na bakuli la maji.

Kikasha kiko dirishani mwa maabara mpaka leo. Asubuhi Mama Bang anakinyunyizia, jioni Myeong-hui. Mzee anapiga simu kila mwezi, sauti imekuwa na nguvu, anasema nyama hajagusa, na Myeong-hui anamwambia bado. Kuvumwani imeshika vizuri, imenenepa mpaka inafurika kingo za gome. Inataka kuliziba lile shimo la katikati, na kila Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, Myeong-hui analipanua tena kwa kidole.